Pazia la Bhoke

Bhoke hakuumbiwa kukaa. Mama yake alikuwa akisema hivyo tangu mtoto anatambaa kule Tarime: ukimweka mkekani ukageuka kuchota maji, ukirudi unaukuta mkeka peke yake. Alipokua akapewa ng'ombe wa kuchunga, kazi ambayo wangepewa kaka zake, kwa sababu baba yake aliona heri miguu ile ichoke kwa faida kuliko ichoke bure. Kwa hiyo asije mtu akasema ni Geita iliyomharibu. Geita ilimkuta hivyo hivyo.

Aliingia kambini mwaka 1953, mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimepamba moto, ameketi juu ya lori katikati ya magunia ya unga. Mumewe, Januari, alikuwa akishika mashine ya kutoboa mwamba katika mgodi mmoja wa dhahabu kwenye vilima vile. Mwaka na nusu alikuwa amelala bwenini na wanaume kumi na wawili wenye kukoroma kwa lugha saba, ndipo akapewa chumba cha wenye ndoa. Kilikuwa chumba kimoja tu, matofali ya udongo na bati juu, chenye baraza ya hatua mbili na namba 47 iliyopakwa rangi mlangoni. Watu waliombea vyumba vile mpaka mvi zikawatoka. Januari alipokipata aliandika barua kwao siku hiyo hiyo, na Bhoke akapanda meli Musoma hadi Mwanza, na kutoka Mwanza akapanda yale magunia.

Wiki tatu za kwanza zilipita vizuri. Wiki ya nne mwamba uliporomoka chini ya ardhi na mtu wa namba 51 hakutoka hai. King'ora kililia mara tatu, na wanawake wote wa mstari ule wakakimbilia kwenye kizuizi cha mgodi wengine wakiwa na miko mikononi. Januari alitoka amepakaa vumbi usoni, mzima, akacheka alipomwona mkewe hana viatu. Bhoke hakucheka. Kabla ya siku ile alikuwa hajafikiri kwamba mume anaweza kuingia shimoni asubuhi na shimo likambakiza.

Tangu hapo akawa haambiliki. Januari akiingia zamu ya saa kumi na mbili asubuhi, ilipofika saa nne Bhoke alikuwa njiani. Alikwenda hadi kwenye kizuizi, akatazama mnara wenye gurudumu la kamba, akarudi, akachochea moto, akaenda tena. Wahenga wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo, na la Bhoke liliuma kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili. Majirani wakampa jina: Bi Njiani. Alilisikia, likamchoma, akaendelea kutembea.

Sasa, mgodi una sheria zake. Mwanamke haruhusiwi kufika pale. Karani wa kambi alikuwa Valerian, mtu wa Bukoba mwenye baiskeli iliyong'arishwa na daftari lililofungwa kwa mpira, ambaye alipenda sheria kama wengine wanavyopenda nyama choma. Mara ya kwanza alimkuta Bhoke kwenye kizuizi akamwonya. Mara ya pili alimkuta amekwishavuka, amesimama karibu na mashine inayowapandisha watu, ameshika ukuta kana kwamba yeye ndiye anayeivuta ile kamba. Siku hiyo jina la Januari lilipelekwa kwa Bwana Kambi.

Jioni Januari alirudi, hakuvua hata kofia.

"Mke wangu, wamesema mara ya tatu hakuna mara ya nne. Nitanyang'anywa chumba, nitarudi bwenini, na wewe utapandishwa lori siku hiyo hiyo."

"Kwa sababu ya kutembea?"

"Kwa sababu ya kutembea." Akaketi kitandani. "Bhoke, mimi nikiwa kule chini nafikiria jambo moja tu, kwamba nikitoka nitakukuta hapa. Ukiondoka, hiki ni chumba cha kulala tu. Kaa, tafadhali."

Bhoke alilia usiku ule kwa hasira zaidi ya huzuni. Alimpenda mume wake, na alikuwa ameambiwa kwamba ili aishi naye ni lazima afanye jambo moja ambalo hakuwahi kuliweza tangu atoke tumboni mwa mama yake.

Jirani wa namba 46 alikuwa Mwahija, mtu wa Ujiji, mke wa mpishi wa bwenini. Umri ulikuwa umekwenda na ulimi ulikuwa haujaenda popote. Wote walimwita Mama Hatibu. Asubuhi iliyofuata alimkuta Bhoke akizunguka nyumba kwa mara ya sita.

"Shikamoo, Mama Hatibu."

"Marahaba, mwanangu. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza kitu."

"Basi hiyo ni duara ya bure. Njoo hapa." Akamvuta ndani ya namba 47, akasimama katikati, akatazama kuta tupu, kitanda cha kamba na debe la maji. "Ee, Mungu wangu. Mwenzangu, hata mimi ningekimbia. Hiki si chumba, hii ni stoo yenye mume. Kitu gani humu kinakwambia kaa?"

Akaenda kwake akaja na kipande cha kitambaa kilichochomekwa sindano. Hakumpa Bhoke sindano mkononi. Kwao, alisema, sindano haipokelewi mkono kwa mkono, mtagombana. Huchomekwa kwenye nguo, na nguo ndiyo hutolewa. Akamfundisha kutunga uzi, kuukunja mara mbili, kupiga fundo. Akamfundisha kupiga bandi kwanza, mishono mirefu ya kushikiza tu, ndipo mtu ashone yenyewe. Akamfundisha kuweka kazi juu ya goti.

"Mwenye sindano mkononi hakimbii," alisema Mwahija. "Akikimbia atajichoma. Ndiyo maana Mungu aliiumba na ncha."

Ndivyo Bhoke alivyoanza. Alianza vibaya, kama kila anayeanza. Mishono yake ya kwanza ilikuwa na mwendo wa mbuzi aliyekata kamba. Lakini chumba kilianza kubadilika, na bila kununua kitu cha maana. Alichimba udongo mweupe mtoni akaupaka kutani kwa tambara. Aliomba magazeti ya zamani dukani, akapika uji mzito wa muhogo, akayabandika upande wa kitandani, na Januari, aliyejua kusoma, akawa analala akisoma bei ya pamba ya mwaka juzi. Sanduku tupu la baruti likapinduliwa likawa meza, likavikwa kitambaa cha mfuko wa unga chenye pindo la uzi wa buluu. Kila alipomaliza kitu alihisi miguu inauliza sasa twende wapi, naye akaanza kingine kabla haijapata jibu.

Mto wa kitanda ndio uliomwaibisha. Mama Kulwa wa namba 52, Msukuma wa Bariadi mwenye pacha wa miaka miwili, alimletea furushi la pamba kutoka shamba la baba yake, pamba kama ilivyochumwa, mbegu zote ndani. Bhoke hakujua. Kwao pamba hailimwi. Alishindilia mto ukanona, akaushona, akalala juu yake akisifu. Siku ya tatu panya wa kambi nzima walikuwa na habari. Januari aliamka na shimo kwenye mto na mbegu sikioni, akasema kule chini mgodini angalau panya hawapandi kichwani. Walicheka mpaka Mwahija akagonga ukuta.

Ikafika zamu ya pazia. Mlango wa namba 47 ulikuwa wa mbao, lakini mchana joto la bati humfukuza mtu, na ukiuacha wazi kila mpita njia anakula na wewe. Bhoke alikwenda kwa Fikirini, fundi cherehani wa barazani pale dukani, akamwomba mabaki yaliyolala chini ya cherehani. Fikirini alikuwa mtu wa Pangani, mcheshi, hakumnyima mtu kitambaa ambacho angekifagia. Akamjazia mikono. Wateja wake walikuwa wakishonesha vitu vile vile kila siku, kwa hiyo mabaki yalikuwa ya aina tatu tu: kaniki nyeusi, kitambaa chekundu cha bendera na amerikani nyeupe.

Mwahija angekuwepo asingeruhusu. Lakini wiki ile alikuwa amekwenda Kahama, bintiye alikuwa akijifungua. Bhoke akabaki peke yake na sindano na akili yake. Akaunga weusi na weusi, wekundu na wekundu, weupe na weupe, mpaka akapata mistari mitatu mipana, akaiunganisha. Ilimchukua siku tisa, na siku zote tisa hakufika kwenye kizuizi hata mara moja. Mara nyingine alisimama, akapiga hatua tano, akaiona sindano inaning'inia, akarudi. Januari akamletea waya wa baruti uliokwisha kazi, akaufunga kwenye misumari miwili, pazia likatundikwa. Upepo ulipolijaza, mistari mitatu ikaonekana toka barabarani. Bhoke alivuka ng'ambo ya barabara ili alitazame vizuri, na kwa mara ya kwanza tangu afike Geita alijisikia ana kwake.

Asubuhi yake akapiga hodi mzee mmoja mwenye jogoo kwapani. Bhoke akamkaribisha barazani. Mzee akaongea Kisukuma kirefu, Bhoke hakuambulia hata neno, akamletea maji ya kunywa maana ndivyo mgeni anavyopokewa. Mzee akayapokea kwa mikono miwili, akayanywa yote amefumba macho, akainama, akaenda zake. Jogoo akamwacha.

Kesho yake wakaja wanawake wawili na mayai. Wakaketi, wakalitazama pazia kwa heshima, wakamweleza mambo kwa Kisukuma huku mmoja akishika kiuno. Bhoke akawapa maji. Wakashukuru.

"Januari, watu wa hapa ni wakarimu," alimwambia mumewe jioni. "Wanakuja kuona pazia na hawaji mikono mitupu."

Januari, Mkurya mwenzake, hakuona ajabu. Alikuwa na paja la jogoo mdomoni.

Siku ya nne akaja Mama Kulwa. Pacha mmoja mgongoni, kuku mweupe mkononi, na sura ambayo hakuwa nayo siku ya pamba. Alikaa chini kabisa, si kwenye kigoda.

"Mayu," alisema, yaani mama kwa Kisukuma, "sikujua kama wewe ni mtu wa namna hii. Ungeniambia."

"Namna gani?"

"Baba Kulwa yuko zamu moja na mumeo. Sili, silali. Nataka kujua kama siku zote atatoka."

Bhoke hakuwahi kujua kwamba mwanamke mwingine mstari ule alikuwa na tumbo linalouma saa nne asubuhi. Wengine walionekana wakipepeta tu.

"Mimi mwenyewe sijui," alisema. "Na mimi ningependa kujua."

Mama Kulwa akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa jibu zito. Akamfunga kuku miguu akamweka chini ya pazia.

Mwahija alirudi kutoka Kahama siku hiyo hiyo, mchana. Toka barabarani aliliona pazia, akatua furushi lake palepale kwenye vumbi.

"Yarabi toba! Bhoke! Nani kakufungulia kilinge?"

"Kilinge gani, Mama Hatibu? Ni pazia."

"Nyeusi, nyekundu, nyeupe! Mlangoni! Mwanangu, hapa Usukumani, na hata kwetu, ukitaka kumjulisha mtu kwamba humu ndani yumo mganga, unatundika hizo. Nfumu, mganga wao, ndivyo anavyojulikana. Kuna mtu amekuja kwako?"

Bhoke akageuka. Akatazama kuku mweupe. Akakumbuka jogoo.

"Wamekuja," alisema. "Jogoo tumemla."

Mwahija alicheka mpaka akashika nguzo, kisha akaacha ghafla, maana baiskeli ya Valerian ilikuwa inashuka mteremko. Karani aliegemeza baiskeli, akalifungua daftari, akalitazama pazia.

"Mke wa Januari, uganga hauruhusiwi ndani ya kambi hii. Nimesikia watu wanatoka hata vijijini."

"Karani, ni mabaki ya Fikirini. Sikujua."

"Asiyejua na anayejua wote wako kwenye daftari." Lakini alisafisha koo, na sauti ikapungua kidogo. "Nitalipitia Jumamosi. Nikilikuta hilo hapo, nitaliandika kuwa ni kosa la tatu. Unaelewa maana yake."

Alielewa. Alilishusha mwenyewe, siku zake tisa, akaanza kulifumua huku machozi yakidondokea kaniki. Alijaribu kumrudishia Mama Kulwa kuku wake, akamweleza kinagaubaga, yeye si mganga, hajui kitu, ni mshonaji mbaya tu wa Tarime. Mama Kulwa akamsikiliza, akampigapiga begani.

"Naelewa, mayu. Karani amekukataza."

Kuku hakumpokea.

Mwahija akamtafutia mifuko minne ya unga, nguo nyeupe nene yenye maandishi ambayo sabuni haiwezi. "Nyeupe tupu," alisema. "Hata Papa wa Roma hatakuandika." Bhoke akaanza upya Jumatatu. Alijiwekea nadhiri kwamba hatashuka barazani kwenda popote mpaka pazia liishe. Alhamisi asubuhi alikuwa amebakiza pindo tu, naye amevaa gauni lake la kijani lenye maua, la harusini, kwa kuwa lile jingine lilikuwa kwenye kamba linakauka.

Saa tano king'ora kikalia mara tatu.

Mstari mzima ulitoka nje kwa pamoja. Sufuria ziliachwa motoni. Kanga zilifungwa huku watu wakikimbia. Bhoke alikuwa amesimama kabla hata king'ora hakijamaliza, mguu mmoja umeshuka ngazi ya kwanza.

Akasimama hapo.

Januari alikuwa amesema, nikitoka nitakukuta hapa. Akienda kizuizini leo na Januari akatoka mzima, atakuta chumba si chake na mke yuko juu ya lori. Na kama hatatoka, basi kwenda ni nini? Ilimjia wazi kabisa, akiwa na mguu mmoja ngazini, kwamba kukimbilia kule ni kumhesabu amekufa, na kukaa hapa ni kumngoja mtu anayerudi. Hakuwa na hakika. Alikuwa na hofu iliyomkausha mate. Lakini aliurudisha mguu, akaketi, akavuta kitambaa gotini akaanza kushona pindo.

Mama Kulwa alikuwa anapita mbio, pacha wote wawili mwilini. Akamwona. Akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Wewe umekaa?"

"Nimekaa."

"Bi Njiani, umekaa?"

Bhoke hakuinua macho. Alijua akiyainua hofu yake itaonekana. Mama Kulwa alimtazama mwanamke huyu ambaye kila siku alikimbia pasipo na jambo, na leo pana jambo amekaa anashona, na uso wake ukalegea wote. Akapanda barazani akaketi chini karibu naye. "Kama wewe umekaa," alisema, "basi."

Akaja mke wa namba 44. Akaja mke wa 49. Waliona wawili wamekaa, wakauliza kwa Kisukuma, Mama Kulwa akajibu maneno machache, nao wakakaa. Wakaja wengine, na waliokwishafika mbali wakaitwa wakarudi. Mwahija alitokea namba 46, akatazama wanawake kumi na mmoja wameketi kimya kuzunguka sindano moja. Alielewa upesi kuliko mtu yeyote. Akaja akaketi nyuma ya Bhoke na kumwekea mkono mgongoni.

Bhoke alijua walichokuwa wanafikiri. Kila mshono ulikuwa uongo. Angeweza kusema sijui, naapa sijui, nimekaa kwa sababu ya chumba! Lakini akisema hivyo wote wangeinuka, na akiwaona wameinuka yeye asingeweza kubaki. Kwa hiyo alinyamaza, akashona. Uzi ulipoisha akatunga mwingine. Alijichoma kidole, damu ikaingia kwenye mfuko wa unga, akaendelea. Hakuona anachoshona. Alikuwa anasikiliza tu.

Saa saba Valerian akaja, baiskeli anaikokota. Alikuwa ametoka kizuizini, mahali ambapo alitarajia kelele na vilio, akakuta patupu. Alipowaona akavua kofia.

"Kuna watu sita wamezibiwa kwenye njia ya pili," alisema. "Wanachimbuliwa. Hatujasikia sauti." Akataja majina, na la Januari lilikuwa la tatu, na la Baba Kulwa la tano.

Hakuna aliyelia. Wote walimtazama Bhoke. Sindano ilisimama, kisha ikaenda tena. Wakashusha pumzi.

Valerian hakulifungua daftari. Alisogea, akainama kidogo, akasema kwa sauti ambayo hakutaka wengine waisikie:

"Mke wa Januari. Wewe unaonaje?"

Bhoke nusura acheke, na kama angecheka angepiga kelele. Mtu wa sheria! "Ninashona, karani," alisema.

Valerian naye akavuta kigoda akaketi.

Zilipita saa mbili ambazo Bhoke baadaye hakuweza kuzisimulia. Alikumbuka harufu ya maharage yaliyoungua namba 44 na mkono wa Mwahija mgongoni. Miguu yake ilimwomba. Iliomba kama watoto wanavyoomba chakula. Aliikaza sakafuni akapitisha sindano, akapitisha tena.

Saa tisa mtu akapiga ukelele juu ya mteremko. Watu walikuwa wanashuka, kundi la kijivu, huwezi kujua nani ni nani kwa vumbi. Wanne walitembea wenyewe. Wa tano alishikwa kwapa huku na huku. Wa sita alikuwa kwenye machela, mguu umefungiwa ubao, na aliinua mkono, na Mama Kulwa akaujua ule mkono akatoa sauti kama aliyemwagiwa maji. Baraza likamwagika lote barabarani.

Bhoke naye akaruka. Alipiga hatua moja tu. Kitu kikamvuta kiunoni, mifuko minne ya unga ikamfuata miguuni, akaanguka magoti mbele ya baraza. Akajaribu kuinuka, akaanguka tena. Toka gotini hadi pajani, mishono midogo midogo iliyobanana, myembamba kuliko yote aliyopata kushona maishani mwake, alikuwa amelishona pazia kwenye gauni lake.

Januari alimfikia hapo. Alikuwa na jeraha juu ya jicho na midomo myeupe. Akachuchumaa, akaushika uzi, akauangalia ulikoanzia na ulikoishia.

"Umejishona," alisema.

"Ulisema nikae."

Januari akaweka kichwa chake chenye vumbi kwenye kile kitambaa cheupe na mabega yakaanza kutikisika. Bhoke alimshika kichwa. Alilia sasa, kwa sauti, bila aibu, kilio chote cha tangu saa tano, na Mwahija akawageuza watu wengine watazame pengine.

Baadaye Mwahija alileta mkasi. "Nifumue?"

Bhoke alitazama mishono ile. "Kata gauni," alisema.

"La harusi?"

"Kata."

Jumamosi Valerian alipita kama alivyoahidi. Pazia lilikuwa kwenye waya wake, jeupe, lina maandishi ya unga yanayosomeka kwa mbali, na kwenye pindo lina kipande cha kijani chenye maua na doa la damu lililokataa kutoka. Alilitazama mbele, akalitazama nyuma. Akauliza kama kijani kina maana yoyote kwa wenyeji. Mwahija akamwambia hakina. Akapanda baiskeli akaenda, na kama kuna kitu aliandika hakuna aliyekiona.

Januari alifanya kazi mgodini miaka mingine sita. Bhoke aliwafundisha wanawake wa mstari ule kushona, na kabla yeye na Januari hawajaondoka kambini hakukuwa na dirisha tupu toka namba 40 hadi 60. Aliwaambia mara mia kwamba yeye si mganga. Walimwitikia kwa adabu. Na kila king'ora kilipolia, hata kwa jambo dogo, wanawake walitoka nje, na kabla ya kwenda popote waligeuka kutazama kwanza baraza ya namba 47. Yeye ambaye hakuumbiwa kukaa akawa hana tena ruhusa ya kuinuka. Alivuta kitambaa chochote kilichokuwa karibu, akakitandaza juu ya magoti hadi sakafuni, akashona polepole wamwone. Chini ya kile kitambaa, mguu wake wa kulia ulikuwa unakwenda mbio peke yake mpaka watu watoke mgodini.